Mwuzaji Apitaye kwa Mtoto



Wazee wetu wametuachia methali mbili juu ya mtoto aliaye. Ya kwanza yasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Ya pili yasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Mwenye kuzisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba zapingana, maana moja yamwambia mzazi ampe mtoto akitakacho, apate kujifunza kwa kujikata, na nyingine yamwambia asiogope machozi yake. Walakini zote mbili zakiri neno moja, ya kwamba kilio cha mtoto kina nguvu, na mtu mzima ashindwaye na simba huenda akamshinda. Lakini ashindwaye na mwanawe hana pa kukimbilia.

Neno ambalo wazee hawakulisema, kwa kuwa siku zao halikuwapo, ni hili: siku hizi yuko mtu wa tatu, asimamaye nje ya ua, akimfundisha mtoto cha kulilia. Mtu huyo ni mwuzaji. Katika habari hii nataka kueleza jinsi njia hiyo ya kuuza ilivyoanza ng'ambo, jinsi ilivyosafiri, na jinsi ilivyofika mpaka huku kwetu Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Lakini kwanza nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana ndilo lililonitia hamu ya kuitafuta historia yake.

KUKU WA MAMA MMOJA

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mavuno ya alizeti, lilikuja gari katika shule niliyokuwa nikifundisha. Juu yake palikuwa na vipaza sauti vikubwa, na ubavuni palikuwa na picha ya mtoto mwenye afya, acheka, ameshika kikombe. Wenye gari walituomba nusu saa tu. Walisema kwamba hawakuja kuuza kitu. Walikuja kuwafurahisha watoto na kuwapa zawadi. Nasi tukaona hapana ubaya. Mimi ndimi niliyepiga kengele, na mimi ndimi niliyewapanga watoto mistari, wadogo mbele na wakubwa nyuma. Wakapewa kinywaji cha unga wenye rangi, uliokorogwa katika ndoo, kila mtoto kikombe kidogo. Wakafundishwa wimbo wenye jina la kinywaji kile, na kila aliyeuimba kwa sauti kubwa akapewa daftari lenye picha ile ile ya garini. Kisha gari likaenda zake, nasi tukarudi darasani.

Hazikupita wiki mbili, akaja mama mmoja, amemkumbatia kuku kwapani, naye alikuwa njiani kwenda mnadani. Tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza. Mwanangu hataki tena uji wa uwele. Asema kinywaji kile cha shuleni ndicho chakula cha watoto wenye akili, na ya kuwa walimu ndio waliosema. Basi nakwenda kumwuza huyu kuku nikamnunulie. Nataka kujua kama ni kweli."

Nikamjibu, "La, mama, mimi sikusema hivyo."

Akanitazama kidogo, akasema, "Lakini, mwalimu, ulikuwapo."

Neno hilo sikuweza kulijibu. Kuku yule alikuwa mtetea atagaye; na kila mtu wa Singida ajua kuku ni nini katika nyumba. Ni mayai ya mtoto, ni kitoweo cha mgeni, ni daftari na kalamu, ni nauli ya kwenda hospitali. Mama yule alikuwa tayari kutoa akiba yake yote hiyo kwa kopo moja la unga litakalokwisha kabla mwezi haujaandama.

Usiku nilifikiri sana, nikaona ajabu moja. Mwuzaji wa kinywaji kile hakukutana na mama yule hata mara moja. Hakumbisha bei, hakumsifia mali, hakumwomba fedha. Kama angemwendea yeye, mama angeweza kumwambia, "Hapana, asante," na mambo yangekwisha hapo. Lakini sasa mama hakuwa na njia ya kumkataa mwuzaji. Aliyekuwa mbele yake ni mwanawe. Basi wa kukataliwa alikuwa ni mwana. Hiyo ndiyo siri yote ya biashara hii, na yote nitakayoyaeleza hapa chini ni historia ya siri hiyo.

ZAMANI ZA SHANGA

Mtu asidhani kwamba baba zetu hawakujua tamaa ya vitu vya madukani. Njia kuu ya misafara ya pwani ilipita Ugogo kwenda Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kusini ya nchi ya Wanyaturu. Na bidhaa zake, yaani nguo, shanga na nyaya za shaba, zilienea pande zote. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia ile pamoja na John Speke tangu mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba biashara ile ilikuwa na aina za shanga zipatazo 400, kila aina ina jina lake, na kila nchi ina aina iipendayo. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa mno, hata watu wakazipa jina lingine lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi zilivyowatia watu wazimu.

Basi tamaa ilikuwapo. Walakini tazama jinsi biashara ile ilivyofanyika. Mwenye shanga aliziweka chini mbele ya watu wazima. Wakizipenda, walizibadili kwa nafaka, mbuzi au pembe. Wasipozipenda, walizikataa mbele ya uso wake, na mwenye mzigo wa shanga zilizopitwa na wakati alipata hasara kubwa, maana amewalipa wapagazi kuuchukua mzigo ambao haununui hata chakula cha siku moja. Aliyejua kukataa alikuwa ni mwenye mali, na aliyekataliwa alikuwa ni mwuzaji mwenyewe.

Watoto walikuwapo, na shanga walivishwa. Lakini hakuna mchuuzi aliyepoteza siku yake kumsifia mtoto mali. Mifugo ilikuwa mkononi mwa baba, na ghala ya nafaka ilikuwa mkononi mwa mama. Tena ilikuwa ni utovu wa adabu mtoto kuomba kitu mbele ya mgeni. Kwa hiyo mlango wa mtoto ulikuwa umefungwa, wala haukufungwa kwa sheria ya serikali, ila kwa desturi ya nyumba.

JINSI NJIA ILIVYOVUMBULIWA

Mlango ule ulifunguliwa kwanza ng'ambo, katika nchi zenye viwanda. Viwanda vilipoanza kutoa vitu vingi vifananavyo, kama sabuni na sabuni, biskuti na biskuti, ilikuwa lazima kila mwenye kiwanda atafute njia ya kukumbukwa kwa jina. Hapo ndipo picha za watoto zilipoanza kutumika. Mchoraji Mwingereza John Everett Millais alichora mwaka 1886 picha ya mtoto akipuliza mapovu. Wenye sabuni ya Pears wakaipata, wakaongeza kipande cha sabuni yao katika picha, wakaitangaza nchi nzima. Lakini huyo alikuwa ni mtoto wa kutazamwa na mama yake. Bado mwuzaji alikuwa akisema na mtu mzima.

Mwishoni mwa karne ya 19 wenye sigara wa Uingereza na Marekani walitia kadi ndogo za picha katika paketi zao, picha za meli, askari, wanyama na wachezaji. Wavutao sigara walikuwa ni baba, ila waliokusanya kadi walikuwa ni watoto, na wengi wakawa wakiwaomba watu wazima kadi zao ili watimize hesabu. Mwaka 1909 kampuni ya Kellogg ya Marekani, iuzayo chakula cha asubuhi cha mahindi, ilitoa kitabu kidogo cha picha za wanyama, ambacho mtu alikipata akinunua paketi mbili. Angalia neno hilo, paketi mbili. Mtoto alitaka kitabu. Mama alinunua mahindi.

Kisha ikaja redio. Pana kinywaji kiitwacho Ovaltine, cha kimea, maziwa na mayai, kilichobuniwa Uswisi. Tangu mwaka 1931 hadi 1940 wauzaji wake katika Marekani waligharimia mchezo wa redio wa mtoto yatima, Little Orphan Annie. Mwisho wa mchezo watoto walipewa maneno ya siri kwa tarakimu, na mwenye kuweza kuyasoma ni yule tu aliye na beji maalum. Na beji haikupatikana ila kwa kupeleka kifuniko cha ndani cha kopo la kinywaji. Mwaka 1935 wauzaji wa kinywaji hicho hicho katika Uingereza walianzisha chama cha watoto, kikatangazwa na redio ya Luxembourg, chenye wimbo wake, beji yake na kanuni zake. Inasemwa kwamba ilipofika mwaka 1939 wanachama wake walikuwa milioni 5. Watoto milioni 5, na kila mmoja anakaa ndani ya nyumba yenye mama na mfuko wa fedha!

Baada ya redio ilikuja televisheni. Mwaka 1952, katika Marekani, kwa mara ya kwanza kitu cha kuchezea kilitangazwa katika televisheni. Kilikuwa ni macho, pua, masikio na midomo ya plastiki, vya kuchomeka katika kiazi ili kiwe kama kichwa cha mtu. Kikauzwa zaidi ya milioni moja katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka 1955 kampuni ya vitu vya kuchezea iitwayo Mattel ilinunua nafasi ya matangazo ya mwaka mzima katika kipindi cha watoto cha Mickey Mouse. Tangu hapo jambo lilikuwa limekamilika. Mwuzaji hakuwa na haja tena ya kupita kwa mama. Aliongea na mtoto kila siku, ndani ya nyumba, mama akiwa jikoni.

SINEMA JUU YA GARI

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda polepole. Matangazo ya biashara katika magazeti ya zamani ya Kiswahili yalisema na mtu mzima ajuaye kusoma na mwenye mshahara, maana mtoto hakuwa na gazeti. Hata gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilisomwa mara nyingi na mtu mmoja kwa sauti, wengine wakimzunguka barazani.

Lakini mwaka 1935 lilifanyika jaribio moja lililofungua macho ya watu wengi. Baraza la Kimataifa la Misheni liliweka mahali pa kupigia picha za sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Hata mwaka 1937 picha zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa, za kufundisha watu juu ya safura, juu ya kuuza kahawa, juu ya kuweka akiba ya fedha posta. Picha hizo zikazungushwa kwa gari lenye mashine yake katika Tanganyika, Kenya, Uganda, na mpaka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Nia ya jaribio lile ilikuwa elimu, wala si biashara. Walakini lilionyesha jambo ambalo wafanya biashara hawakulisahau, ya kwamba gari likifika kijijini na kuwasha picha usiku, watu wote hukusanyika, na wa kwanza kufika, na wa mbele kabisa kukaa, ni watoto.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni za biashara nazo zikatumia magari ya sinema. Huonyesha mchezo wa kuchekesha, kisha katikati hutia habari ya sabuni au ya majani ya chai. Gari lile lililokuja shuleni kwetu na vipaza sauti lilikuwa mjukuu wa magari hayo.

KWETU TANGU MWAKA 1967

Katika Tanzania Bara njia hii ilikatika kwa miaka mingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuleta bidhaa na kuzigawa iliingia mkononi mwa mashirika ya umma. Baadaye, kwa sababu nyingi zilizokutana, kama bei ya mafuta, ukame, na Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, nchi ikapatwa na uhaba. Walio na umri wangu wakumbuka miaka ya kwanza ya 1980, watu walivyopanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na kanga. Kitu kisichopatikana hakina haja ya kutangazwa. Mtoto wa siku zile aliweza kulilia sabuni ya kunukia, lakini hapakuwa na mtu wa kumfundisha jina lake.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza, watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na maduka yakajaa tena. Mwaka 1994 televisheni ilianza Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970. Redio za watu binafsi zikaanza, kisha simu za mkononi zikaenea. Kwa muda wa miaka 20 hivi tukapita safari ambayo wenzetu wa ng'ambo waliipita kwa miaka 100, wala hatukupata nafasi ya kuijadili njiani.

SHULE YAWA SOKO

Lakini televisheni peke yake isingefika Sepuka upesi, kwa kuwa kwa miaka mingi umeme haukuwapo vijijini, na nyumba nyingi hazikuwa na televisheni. Basi mwuzaji alimfikiaje mtoto wa huku? Alimfikia kwa njia ya shule.

Hapo ndipo historia ya biashara inapokutana na historia yetu walimu. Zamani watoto walikuwa wametawanyika, huyu machungani, yule shambani akifukuza ndege, mwingine kisimani. Mwaka 1974 taifa liliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Kisha mwaka 2001 ada ya shule za msingi iliondolewa, na hesabu ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka karibu milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Ilikuwa ni kazi njema kabisa. Lakini mtazame kwa macho ya mwuzaji. Watoto ambao angewatafuta porini siku nzima, sasa wamekusanywa mahali pamoja, saa moja, wamepangwa mistari, wamenyamaza, wanamsikiliza mtu waliyefundishwa kumwamini. Na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, katika kila Watanzania 100 zaidi ya 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Hakuna soko kubwa kuliko hilo.

Na sisi shule tulikuwa maskini. Shule ilihitaji kibao cha kuonyesha jina lake. Basi ukisafiri katika barabara za nchi yetu, hasa mijini na katika njia kuu, utaona vibao vingi vya shule vilivyotengenezwa kwa gharama ya wauzaji wa soda, jina la shule katikati na alama ya soda juu au pembeni. Coca-Cola yajulikana sana kwa vibao hivyo. Watoto walihitaji mpira na jezi. Yakawapo mashindano ya vijana yaliyoitwa Copa Coca-Cola. Sisemi kwamba kibao ni kibaya au kwamba mpira ni mbaya. Nasema tu kwamba mtoto ajifunzaye kusoma husoma kwanza kile kilicho mbele yake kila asubuhi. Kama herufi za kwanza azionazo getini ni jina la soda, na chini yake ni jina la shule yake, atayaweka yote mawili mahali pamoja moyoni mwake. Mwuzaji alijua hivyo alipolipa rangi.

NJIA ILE ILE KWA MEMA

Hapa huenda mwenzangu mmoja akauliza, "Je, si sisi wenyewe tunaotumia watoto kupeleka maneno nyumbani? Hatuwaambii wakawaambie wazazi wachimbe choo, wachemshe maji, wanawe mikono?" Swali hilo ni la haki, nami silikimbii.

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Wale walikuwa watu wazima, nao waliambiwa wao wenyewe, wakauliza, wakabishana, wakakata shauri. Baadaye, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979, waganga na walimu wa London walianzisha mpango wa kufundisha afya kutoka mtoto kwa mtoto, ambao ulienea nchi nyingi; hao walimtumia mtoto kweli, awe mjumbe wa afya kwa wadogo zake na kwa nyumba yake.

Pana na mambo yaliyochanganyika. Katika Turkana, Kenya, ambako ugonjwa wa macho uitwao trakoma huwapofusha watu, shirika la Sightsavers pamoja na kampuni ya Unilever walipeleka shuleni mafundisho ya kunawa uso na mikono kwa hadithi za mashujaa watano. Mafundisho yale yalitokana na yale yaliyobuniwa kwa ajili ya sabuni ya Lifebuoy. Kunawa ni kwema, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema watoto wasinawe.

Basi tofauti iko wapi? Nimeitafuta, nami naona ni hii: futa jina, utazame kinachobaki. Ukifuta jina la sabuni, kunawa kwabaki, maana sabuni yoyote hutakasa. Choo hakina jina. Maji yaliyochemshwa hayana jina. Lakini ukifuta jina katika kinywaji kile cha ndooni, chabaki nini? Yabaki maji, sukari na rangi. Jambo lisilosimama bila jina lake si mafundisho, ni biashara. Na biashara yafaa iende kwa mwenye fedha, ikabishane naye.

SHERIA ZA MATAIFA

Nchi nyingine zimekwisha kuliona jambo hili, zikatunga sheria. Jimbo la Quebec katika Kanada lilikataza, tangu mwaka 1980, matangazo ya biashara yaelekezwayo kwa watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni moja ya vitu vya kuchezea ikashtaki, na mwaka 1989 Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ikaamua kwamba sheria ile ni halali. Uswidi ilizuia matangazo ya namna hiyo katika televisheni mwaka 1991. Lakini Marekani, ambako tume ya biashara ilitaka kufanya vivyo hivyo mwaka 1978, wenye viwanda walipinga kwa nguvu, na mwaka 1980 Bunge likaipunguzia tume ile uwezo wake. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizishauri nchi zote zipunguze matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi kwa watoto. Chile ikaanza mwaka 2016 kuziondoa picha za vikatuni katika paketi za vyakula vya namna hiyo.

Wala sisi Watanzania si wageni wa sheria kama hizi. Mataifa yalipokubali mwaka 1981 kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo yanayoshindana na maziwa ya mama, nchi yetu ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Na sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo neno la kumkinga mtoto na mwuzaji limekwisha kukubaliwa kwetu katika mambo mawili. Lililobaki ni kuona kwamba mlango ni ule ule, hata kama kinachopita ni kitamu.

KAZI YETU WALIMU

Walakini tusingoje sheria. Ukiisoma tena historia hii utaona kwamba kila mara mwuzaji alipomfikia mtoto, palikuwa na mtu mzima aliyemfungulia. Ng'ambo alikuwa ni mwenye redio, kisha mwenye televisheni. Kwetu alikuwa ni mwalimu, naye alifungua kwa nia njema, kwa ajili ya madaftari machache.

Mimi na wenzangu, baada ya mama yule kuja, tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulikubaliana kwamba atakaye kuja kusema na watoto juu ya kitu kiuzwacho, aje kwanza aseme na wazazi katika mkutano wao, watoto wasiwepo. Asemayo yakiwa kweli, wazazi watayakubali. Tangu tulipoweka desturi hiyo, wengine walikuja, na wengine walisikia sharti wakageuza gari.

La pili, niliingia darasa la sita na paketi tupu ya kinywaji kile. Nikawaambia watoto wasome maneno madogo ya nyuma, na ya kuwa vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kwanza. Mtoto mmoja akasoma kwa sauti, na neno la kwanza lilikuwa sukari. Darasa zima likacheka. Kisha tukafanya hesabu: paketi ile ina gramu ngapi, bei yake ni ngapi, na kwa fedha hiyo mtu angepata unga wa uwele kiasi gani, na mayai mangapi. Hesabu ile waliifanya kwa bidii kuliko hesabu zote za kitabuni, maana walikuwa wakitafuta kama walidanganywa. Wimbo hawakuuacha siku ile ile, kwa sababu ulikuwa wimbo mtamu. Lakini waliuimba wakicheka.

Na mama yule je? Siku ile alirudi nyumbani na kuku wake. Mwanawe alinuna siku nyingi, naye alivumilia. Hiyo ndiyo methali ya pili, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Lakini si haki mama mmoja, peke yake, katika nyumba yake, ashindane kila siku na gari, redio, picha, wimbo, na mwalimu aliyesimama pembeni amenyamaza. Mtoto akinyimwa, amkasirikie aliyemtamanisha, asimkasirikie aliyemnyima. Na hilo haliwezekani mpaka sisi tuliowekwa kumwonyesha herufi tumwonyeshe pia ni nani aliyeziandika, na kwa nini.

Nami naishia hapa. Wenzangu wa Ikungi, Iramba, Manyoni na pengine popote walioyaona mambo kama haya, nawaomba walete habari zao, tupate kushauriana.